Malezi, Maradhi na Shoka la Raskolnikov

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kumweleza mhusika kwa malezi yake. Ukali wa Zakaria hutajwa kila anguko la Rosa linapojadiliwa katika Rosa Mistika, na utawa aliowekwa Maimuna hutajwa kila Utengano inapofundishwa. Zana hiyo yafaa pale mhusika anapojiangamiza. Je, yafaa anapoua? Riwaya ya Fyodor Dostoevsky, Uhalifu na Adhabu (1866), ni mizani nzuri ya kuipimia, kwani wahusika wenyewe wanaibishania hoja hiyo.

Raskolnikov, mwanafunzi aliyeacha chuo kwa ufukara mjini St. Petersburg, hakulelewa kwa viboko. Baba ameshafariki, mama na dada yake, Dunya, wanampenda kupita kiasi, na pengine mapenzi hayo ndiyo mzigo wenyewe. Katika ndoto yake, mtoto wa miaka saba hivi analia huku amemkumbatia farasi aliyepigwa hadi kufa. Mtoto huyo ndiye atakayeshika shoka. Mhakiki anayetafuta chanzo cha ukatili katika nyumba ile atatoka mikono mitupu.

Hoja ya maradhi ni nzito zaidi, maana dalili zimetapakaa kitabu kizima. Hata hivyo, mgonjwa huyu alihesabu hatua 730 kutoka lango la nyumba anamoishi hadi kwa bibi mkopeshaji wa rehani, akashona kitanzi cha kuning'iniza shoka ndani ya koti. Homa iliyo kali kabisa inafuata mauaji, haiyatangulii. Mwishoni mahakama inakubali kwamba alipatwa na wazimu wa muda, inampa miaka minane ya kazi ngumu Siberia, naye msimulizi anaitaja nadharia hiyo kuwa ni mtindo wa siku zile. Kejeli haikufichika. Anayehitimisha kwamba Raskolnikov alikuwa mgonjwa, basi, anakariri hukumu ambayo riwaya imekwisha kuicheka.

Kuhusu mazingira, Razumikhin anawashambulia wanaoamini kwamba jamii ikipangwa vyema uhalifu utatoweka. Porfiry, mpelelezi, anamjibu kwamba mazingira yana uzito mkubwa. Dostoevsky, aliyekaa gerezani Omsk miaka minne (1850–1854), anaegemea kwa Razumikhin, na katika insha yake ya 1873 aliwalaumu waliowaachilia wahalifu kwa kisingizio cha mazingira. Hapa msanii anamshinda mwanainsha: ufukara wa akina Marmeladov umechorwa kwa undani mno kiasi kwamba hauwezi kuondolewa katika kesi.

Lakini kasoro ya mjadala mzima ni Lizaveta, mdogo wake bibi yule. Hakuwamo katika mpango. Alirudi tu nyumbani wakati mbaya. Malezi hayakudai afe, wala homa, wala ile nadharia ya watu wasio wa kawaida walioruhusiwa kuvuka mipaka. Raskolnikov mwenyewe anastaajabu kwamba humkumbuka kwa nadra. Wahakiki nao ni hivyo hivyo: kurasa nyingi juu ya muuaji, sentensi moja juu yake.

Riwaya haikumsahau. Lizaveta na Sonya walikuwa marafiki, wakabadilishana misalaba. Raskolnikov anapomtaka Sonya amsomee kisa cha kufufuliwa kwa Lazaro, kitabu kinachofunguliwa ni kile alicholetwa na Lizaveta. Muuaji anasikiliza, na msomaji wake bado hajui ni nani aliyeketi mbele yake.