Jinsi Utepe wa Tiba Ulivyotiwa Mizanini

Utepe wa rangi unaobandikwa juu ya mabega, magoti na vifundo vya miguu ya wanariadha, ambao walimwengu wengi waliuona mara ya kwanza katika Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2008, pale Kerri Walsh wa Marekani alipocheza mpira wa wavu wa ufukweni hali bega lake limetandwa utepe mweusi, ulibuniwa Japani katika miaka ya 1970 na Kenzo Kase, aliyetaka kukitegemeza kiungo bila ya kukifunga kikashindwa kwenda. Ni kitambaa cha pamba kilichopakwa gundi ya akriliki, nacho huvutika kwa urefu wake na huweza kukaa mwilini siku kadhaa. Miongoni mwa fadhila nyingi zinazotajwa kwa ajili yake, moja ndiyo ninayotaka kuichungua: kwamba humzidishia uthabiti wa kusimama hata mtu mwenye siha kamili, asiye na jeraha wala maumivu.

Dai hilo lina hoja, wala si haki kulidharau. Binadamu husimama wima kwa habari zinazoufikia ubongo kwa njia tatu, yaani macho, sikio la ndani, na hisi zilizotapakaa katika ngozi, misuli na viungo; na kwa kuwa utepe huivuta ngozi, nayo ngozi ina neva zinazotambua kuvutwa, ilidhaniwa kwamba habari za njia ya tatu zitazidi kuwa dhahiri, na misuli itauwahi mwili kabla haujayumba sana. Lakini dhana nzuri si ithibati.

Taabu ya kwanza ni kipimo chenyewe. Aghalabu mtu husimamishwa kwa mguu mmoja, akaambiwa aunyoshe wa pili mbele, kisha nyuma kwa pande mbili, afike mbali awezapo bila ya kuanguka. Masafa hayo hugawanywa kwa urefu wa mguu wake, ili mrefu asimdhulumu mfupi. Mwili, hata hivyo, hujifunza upesi: wanaopimwa huendelea kufika mbali zaidi kila wanaporudia, na kwa sababu hiyo imependekezwa wapewe mazoezi manne kabla ya hesabu kuanza. Mtafiti atakayepuuza jambo hili, akampima mtu bila utepe kwanza na akiwa na utepe baadaye, ataupa utepe sifa iliyo haki ya mazoezi.

Ndiyo maana nalistahi jaribio lililofanywa Brazili na kutangazwa mwaka 2013. Wanawake 60 wenye afya waligawanywa katika makundi matatu: kundi la kwanza lilipumzika dakika 10 tu, la pili likabandikwa utepe wa kawaida usiovutika juu ya misuli ya mbele ya paja, na la tatu likabandikwa utepe unaovutika mahali palepale. Kabla na baada ya hayo walipimwa uthabiti wa kusimama, kuruka kwa mguu mmoja, nguvu za goti na umeme wa misuli. Utepe haukubadili hata kimoja katika hivyo kwa kadiri ya kutegemewa. Thamani ya kazi hii, kwa rai yangu, imo katika kundi la pili. Lau kama wangelinganisha wenye utepe na wasio nao tu, na tofauti ikaonekana, nani angeweza kusema kama imeletwa na mvuto wa kitambaa, au na mguso wa mikono ya tabibu, au na matumaini ya anayetibiwa? Utepe usiovutika una mguso na matumaini yote. Kilichobaki cha kupimwa ni mvuto peke yake.

Hata hivyo matumaini ni kitu kijanja, na anayeujua utepe halisi huenda akautambua ule wa bandia. Watafiti wa Hong Kong, katika jaribio la mwaka 2015, waliwachagua watu 30 wasiopata kuusikia utepe huu, wakawaambia kwamba vipande vinavyobandikwa miguuni ni vyombo vya kuhisi kazi ya misuli. Hapakuwa na tiba ya kutumainiwa, maadamu hakuna aliyejua kwamba anatibiwa. Na nguvu za misuli ya paja zikawa hazitofautiani, utepe ukivutwa, usipovutwa, au usipokuwapo kabisa. Walichopima ni nguvu, si uthabiti wa kusimama, lakini natamani sana kila mpimaji wa uthabiti aichukue hila hiyo.

Yapo matokeo yanayoelekea upande wa pili. Katika jaribio jingine la mwaka 2013, watu 52 walibandikwa utepe kifundoni. Kuruka kwao hakukuzidi, ila wanawake waliobandikwa utepe uliovutwa walifika mbali zaidi katika baadhi ya pande. Sitaki kuyatupa matokeo hayo, lakini panapopimwa pande nyingi, kwa wanaume na kwa wanawake, si ajabu moja au mbili zikajitokeza kwa sudi tu, mpaka jaribio la pili lizikute palepale.

Na liko tatizo ambalo hila ile ya Hong Kong haiwezi kuliondoa. Nahodha mahiri hapimwi katika bahari shwari. Kijana mzima aliyesimama sakafuni, macho wazi, ana habari za kumtosha, wala hapana nafasi kubwa ya utepe kumwongezea. Basi afumbe macho na asimame juu ya sponji laini, ili habari za macho zikatike na za nyayo zidhoofike, abandikwe na mtu asiye yule atakayempima, asijue alichobandikwa, na apimwe siku hiyo na tena baada ya siku mbili, utepe ungali mwilini.