Richard II hakukosea Smithfield, alikosea Chelmsford

Nimechoka na sifa za Smithfield. Kila anayeandika habari za uasi wa 1381 humpa Richard II, mfalme wa miaka 14, alama zote kwa kuukabili umati juu ya farasi wake baada ya kiongozi wa waasi, Wat Tyler, kuuawa. Ujasiri ule simnyimi. Ila madai ya wakulima wa Uingereza hayakufia pale. Yaliuawa Chelmsford, tarehe 2 Julai, na aliyeyaua ni mfalme mwenyewe, kwa kalamu.

Kodi ya kichwa iliyowasha uasi mnaijua, na Mile End ya 14 Juni, waasi walipokutana na mfalme, mnaijua: walitaka utwana ukomeshwe, ardhi ikodishwe kwa peni 4 kwa eka, kazi iwe kwa mapatano, watu wasamehewe. Mfalme akakubali, na makarani wapatao 30 wakaandika hati za ahadi hizo. Kazi safi.

Sasa tazama Chelmsford. Tyler amekufa, jeshi liko upande wa mfalme, hakuna aliyemshikia silaha. Ndipo anapotangaza kwamba hati zile zilitolewa bila kutafakari vya kutosha, zinamdhuru yeye na mabwana wa nchi, kwa hiyo ni batili, na kila aliye nayo airudishe ikafutwe. Fikiria mkulima wa Essex aliyeichukua hati ile na kuiona ndiyo uhuru wa wanawe. Sasa anaamriwa airudishe kwa mikono yake, kwa jina la utii wake kwa mfalme yuleyule aliyempa.

Watetezi wana jibu lao: ahadi ya kulazimishwa haimfungi mtu. Haya, tuseme Mile End alilazimishwa. Siku ileile waasi walimtoa Askofu Mkuu Sudbury katika ngome ya London na kumkata kichwa, na unyama ule siutetei. Lakini mwishoni mwa Juni wajumbe wa Essex walimfuata Waltham kumwomba athibitishe aliyoyaahidi. Walikwenda kama waombaji. Hapo angeweza kuwasikiliza, akakubali hili na kukataa lile. Akawafukuza kwa maneno makali. Kisha akazifuta hati Julai, na bunge likaulizwa Novemba! Mweka hazina Hugh Segrave aliwauliza wabunge kama wangependa watwana waachwe huru. Waliokuwa wakiulizwa ndio wenye watwana. Wakakataa kwa sauti moja.

Na asije mtu kuniambia wakulima wangefuata sheria. Waliifuata. Mwaka 1377 wanavijiji wa kusini walilipia nakala za Domesday, daftari la ardhi la 1086, wathibitishe kwamba mashamba yao yalikuwa ya mfalme tangu zamani na kwamba hawakudaiwa kazi za bure. Mabwana wakalalamika bungeni, na mlango ukafungwa.

Mniwie radhi kwa kurudi nyuma hadi Edward I, mfalme wa Uingereza kabla ya Richard, lakini sina mfano bora wa namna ya kujibu maombi. Maombi yalipomfurika, mwaka 1280 aliagiza yachambuliwe: ya chansela kwa chansela, ya hazina kwa hazina, ya mahakama kwa majaji, na yale mazito tu yamfikie yeye. Katika bunge la 1305 yaliletwa mamia, na jibu likaandikwa nyuma ya ngozi ileile ya ombi, hata lilipokuwa la kukataa. Ndiyo, mtwana alikuwa na nafasi finyu hata enzi hizo. Lakini aliyeomba alijua ombi lake limefika wapi na limejibiwa nini.

Richard alikuwa na makarani, muhuri na bunge, kila chombo alichokuwa nacho Edward. Akavitumia kuwanyang'anya waombaji jibu walilokwisha kupewa. Kwa hiyo, msomaji, ukifika Smithfield usifunge kitabu. Endelea mpaka 2 Julai, kisha ndipo umpe mfalme huyo alama zake.