Amri na Chenja katika Siku ya Kuruta

Waandishi walio wengi waliochunguza Kiswahili cha askari wamejishughulisha na asili ya maneno. Kazi hiyo ni ya lazima, na matunda yake yajulikana. Neno afande lina asili ya Kituruki, likapitia Misri na Sudani. Askari wa Kisudani walioandikwa na Wissmann mjini Cairo mwaka 1889 walikuja pwani na vyeo vyao, ombasha na shaushi; vyeo hivyo vikatoweka pamoja na utawala wa Wajerumani, na mahali pake pakakaliwa na koplo na sajini wa Waingereza. Kuruta naye ni mtoto wa Kiingereza. Lakini orodha ya maneno haisemi kuruta huambiwa nini tangu alfajiri mpaka usiku, wala yeye hujibu nini. Mahali pafaapo kulitazama jambo hilo ni kambi za Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1963, ambako amri hutolewa kwa Kiswahili.

Lugha ya kwanza anayokutana nayo kuruta ni ile ya uwanja wa gwaride. Nyuma geuka, mbele tembea, heshima toa. Mtu akisema nyumbani, kitendo hutangulia: geuka nyuma, tembea mbele, toa heshima. Uwanjani mpango huo umepinduliwa. Yaweza kusemwa kwamba huo ni mwigo wa Kiingereza tu, na kweli mfano wa Kiingereza upo. Walakini mwigo peke yake si sababu ya kutosha. Amri ya gwaride ina sehemu mbili, tahadhari na utekelezaji. Ya kwanza huuambia mwili uelekee wapi, ya pili huuambia uende lini, na kati yake pana kimya ambamo safu nzima hukaza misuli. Kama geuka lingetangulia, wepesi wangekwisha kugeuka kabla hawajaambiwa upande. Hapa sarufi imeutii mguu.

Udhaifu wake uko katika urefu wa kitenzi. Kiingereza kina neno la silabi moja mahali ambapo Kiswahili kina tembea, silabi tatu, na kuruta mgeni hajui ainue mguu kwenye ipi. Mkufunzi hodari humeza silabi za mwanzo na kuutupa mkazo wote mwishoni, kinyume cha desturi ya lugha ambayo huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Asikiaye kwa mbali aweza kudhani kwamba hicho si Kiswahili.

Lililo kubwa zaidi, na ambalo halikuangaliwa sana, ni idadi. Mkufunzi husimama mbele ya vijana mia akasema geuka, wala hasemi geukeni. Mwalimu wa sarufi angelihesabu hilo kuwa kosa. Si kosa: mia wale wamefanywa mtu mmoja, na kiambishi cha wingi kingewakumbusha kwamba wao ni wengi. Mguu sawa na mguu pande zaenda mbali zaidi, maana hazina kitenzi kabisa. Anayesemeshwa ni mguu, mwenye mguu hatajwi. (Pande yaelekea kuwa upande uliomezwa na irabu ya mguu, jambo la kawaida katika usemi wa haraka.) Hata salamu imebadilika. Shikamoo hupimwa kwa umri, na kambini umri hauna hesabu, kijana aliyemaliza masomo humwambia koplo, ambaye labda ni mdogo wake, "Jambo afande." Mwaka 1966, wahitimu walipolazimishwa kwa sheria kuingia katika Jeshi hilo, wanafunzi karibu 400 walioandamana kupinga walirudishwa makwao. Mishahara na masharti ndiyo yaliyotajwa katika ugomvi ule. Mgeuzo huu wa heshima haukutajwa, ingawa ulikuwa ukiwangoja getini.

Kama siku nzima ingekuwa ya amri, pasingekuwa na la kuhakikiwa zaidi. Lakini kabla ya jua filimbi hulia, na kuruta hutoka mchakamchaka, neno ambalo lenyewe ni mlio wa nyayo. Hapo huanza chenja. Kiongozi hutoa, wengine huitikia, nao mguu wa kushoto hupiga mapigo. Atakayezihesabu mizani chenja kama shairi la Pwani atazikuta zina vilema: mstari huu mfupi, ule mrefu. Kipimo chake si silabi bali hatua, na kiongozi hubana maneno mengi katika hatua mbili au huvuta irabu moja kwa hatua nne, ilimradi kiitikio kiangukie mguu wake.

Si chenja zote zenye thamani moja. Zile zinazopanga majina ya viongozi na sifa zao huchosha upesi, kwa kuwa kiongozi hana la kubuni na kiitikio hakibadiliki maana. Zilizo bora ni za malengelenge, maharage ya kila siku, jembe la shambani baada ya gwaride, na mama aliyeachwa nyumbani. Ndani yake wingi uliofukuzwa uwanjani hurudi: sisi, twende, jamani. Kiitikio ni kile kile, lakini kikiujibu mstari wa kishujaa huwa kiapo, na kikiujibu mstari wa maharage huwa dhihaka. Afande akimbiaye kando husikia yote mawili, na aghalabu huachilia. Kuruta mmoja akimwambia ana kwa ana kwamba amechoka, ataadhibiwa. Mia wakiliimba neno hilo hilo kwa hatua, mazoezi yanaendelea vema.

Ruhusa hiyo ina mipaka, na mkusanyaji asiidhanie kuwa uhuru. Malalamiko yapo maadamu miguu yaenda. Pia chenja husafiri: baada ya vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin, nyimbo za namna hii ziliimbwa miaka mingi na watoto wa shule katika mchakamchaka wao wa asubuhi, na kule zikabaki na ushujaa zikapoteza maharage. Mafunzo ya lazima yalisimamishwa mwaka 1994 yakarudishwa 2013. Anayetaka kulinganisha chenja za vizazi hivyo viwili atahitaji zaidi ya maneno yaliyoandikwa. Chenja iliyopigwa chapa bila alama ya mguu wa kushoto haionyeshi mahali kiongozi alipopumua, wala mahali wenzake walipocheka.