Fundi Alumini Apewe Haki Yake

Mchonga milango wa Unguja ana sifa zake, na anazistahili. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mgeni hapumziki vizuri kabla hajapigwa picha mbele ya mlango wenye nakshi. Seremala wa Keko, Dar es Salaam, naye ana heshima yake. Ukimkuta anapiga randa ubao wa mninga, utasimama dakika mbili hata kama una haraka. Lakini yule kijana anayekata alumini kando ya barabara kule Mbezi au Kigamboni, nani anasimama kumtazama? Tunasema huyo anaunganisha tu. Fremu imetoka kiwandani, kioo kimetoka kiwandani, kazi yake ni skrubu.

Nimewatazama sana watu hawa kazini, na nina maoni tofauti. Kati ya mafundi wote wanaoingia kwenye nyumba mpya, fundi alumini ndiye mwenye nafasi ndogo zaidi ya kukosea. Na kwa kuwa siku hizi kila anayejenga anataka nyumba yenye mwanga, mlango mpana wa kioo sebuleni na madirisha makubwa vyumbani, yeye ndiye anayeamua kama huko ndani kutakuwa na nuru au joto la kukimbiwa.

Fundi mzuri utamjua siku ya kupima. Mwenye nyumba ana haraka, kuta zimesimama, anataka oda itoke. Fundi anazunguka na futi yake, anagusa tofali, anatikisa kichwa: "Mama, lipu bado. Nikipima leo nitakudanganya." Anasema kweli. Lipu hula sentimita moja au mbili kila upande, na mwashi hapigi lipu kwa unene mmoja nyumba nzima. Atarudi ikishakauka. Akirudi, hapimi upana mara moja. Anapima juu, katikati na chini. Urefu vilevile, kushoto, katikati na kulia. Kisha anavuta futi kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, kwa mshazari. Mishazari ikitofautiana, tundu limepinda, hata kama kwa macho linaonekana sawa. Anachukua kipimo kidogo kuliko vyote, halafu anakipunguza tena milimita chache.

Hizo milimita chache ndizo elimu yenyewe. Alumini hurefuka ikipata moto. Kipande cha mita 3 kikitoka nyuzi 25 za alfajiri hadi nyuzi 55 chini ya jua la saa nane, huongezeka karibu milimita 2. Fremu iliyobanwa kabisa ukutani haina pa kwenda, kwa hiyo itajikunja, na mlango uliokuwa ukiteleza asubuhi utagoma mchana. Ndiyo maana pengo linaachwa na kujazwa silikoni, inayonyumbulika fremu ikisogea. Anayejaza pengo hilo kwa saruji ili kazi ionekane imara amekuuzia ufa wa mwakani.

Kukata kioo nako kuna utamu wake. Fundi hakati kwa kweli. Anapaka mafuta kidogo, anaburuta kalamu yenye kigurudumu kigumu nchani, mara moja tu, kwa mkandamizo uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, hadi asikie mlio mwembamba unaoendelea bila kukatika. Ukikatika, anajua pale kioo kitaasi. Harudii mstari, kwa sababu kurudia huharibu kigurudumu na kuzaa nyufa za pembeni. Kisha anakisogeza kwenye ukingo wa meza na kukivunja kwa mikono. Vioo vya mlango ni habari nyingine. Vinatakiwa viwe vilivyopikwa, yaani vilivyopashwa moto mkali na kupozwa ghafla kwa upepo, ili vikivunjika vigeuke chembe butu badala ya mapanga. Kioo cha namna hiyo hakikatiki tena. Kipimo kikikosewa, kioo kizima kimepotea, na hapo utaelewa kwa nini yule bwana alipima mara nyingi vile.

Sasa uzito. Kioo cha milimita 6 kina kilo 15 kwa kila mita ya mraba. Bawa moja la mlango, upana mita 1 na urefu mita 2, hubeba kilo 30 za kioo kabla hujahesabu alumini, na mzigo wote unakaa juu ya vigurudumu viwili ambavyo hutaviona maisha yako yote. Fundi huvipandisha na kuvishusha kwa skrubu ndogo iliyojificha ubavuni, robo mzunguko kwa robo mzunguko, mpaka bawa lisimame wima na mtoto alisukume kwa kidole.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni vitundu vya maji. Reli ya chini ni mfereji; mvua ya masika ikipiga kioo, maji yote hushukia humo. Fundi anayejua hutoboa vitundu kwenye ukingo wa nje wa reli, na ukingo wa ndani huuacha juu zaidi ili maji yakizidi yasijue njia ya sebuleni. Halafu unamwona mwingine anapita na silikoni na kuviziba, eti kuzuia wadudu!

Upande wa kuchagua, mengi yanayosemwa madukani ni rangi na mtindo. Muulize fundi habari ya jua na upepo. Dar es Salaam kaskazi na kusi zote hutoka upande wa baharini, kwa hiyo mlango mpana ukitazama mashariki unapata hewa karibu mwaka mzima, mradi ukuta wa pili uwe na tundu la kuitolea. Upande wa magharibi weka madirisha madogo, ya juu. Jua la alasiri huko hushuka likapita chini ya paa la kawaida, na pazia halisaidii sana, maana joto limeshavuka kioo. Kioo cheusi au cha buluu kinachopendwa siku hizi mimi nakiona hasara: unalipa zaidi, unakaa gizani mchana, na kioo chenyewe kinachemka. Fedha hiyo ongeza kwenye paa litokeze nje.

Kumbuka pia kwamba dirisha la kuteleza lenye mabawa mawili hufunguka nusu tu. La bawaba hufunguka lote, lakini likifungukia ndani linagombana na pazia, likifungukia nje linagombana na nondo. Wavu wa mbu nao unataka reli yake, ya tatu, na reli hiyo huagizwa mwanzoni, haipachikwi baadaye. Karibu na bahari, sisitiza skrubu zisizoshika kutu, kwani chuma cha kawaida kikigusana na alumini kwenye hewa ya chumvi, kutu hula chuma na alumini nayo inachimbika.

Ukipata fundi anayekataa kupima kabla ya lipu, mshike huyo, na usimkate bei kwa sababu jirani yako alipata wa rahisi. Siku ya kumalizia salio, usitazame mng'aro wa kioo. Mwaga jagi la maji kwenye reli, kisha toka nje uone kama yanatoka yote.