Chipu ya Jana Ingetosha

Beji ya DEF CON 32, ule mkutano wa wadukuzi, mliiona: skrini ya rangi, taa zinazocheza, na mchezo mzima wa Game Boy ndani ya kitu cha kuning'iniza shingoni. Sifa zilimiminika, na nyingi zilistahili. Lakini uamuzi ulioibeba bodi yote ulikuwa mbovu, na sioni namna ya kuuremba. Wabunifu wake waliijenga juu ya RP2350, chipu iliyotangazwa rasmi tarehe 8 Agosti 2024. Mkutano wenyewe ulifunguliwa Las Vegas tarehe 8 Agosti 2024.

Chipu ikizinduliwa siku hiyohiyo mvaaji anapokabidhiwa beji, maana yake hakuna mtu nje ya mduara wa ndani aliyewahi kuilehemu, kuichoma kwa makosa yake, kuiandikia maktaba ya programu au kulalamika juu yake. Beji ya wadukuzi ina sharti moja la heshima: anayeiona kwa mwenzake aweze kwenda nyumbani akatengeneza ya kwake. Siku ile fundi wa Mbagala Rangi Tatu hakuweza, na safari hii hata wa Berlin hakuweza. Chipu hiyo peke yake haikuwepo dukani.

Watetezi wana jibu lao: kazi ilikuwa nzito, ikahitaji chipu kubwa. Haya, tuhesabu. Game Boy ni mashine ya 1989, inakwenda megahezi 4.19, na kumbukumbu yake ya kazi ni kilobaiti 8. RP2040 ipo sokoni tangu Januari 2021, ina viini 2 vya megahezi 133 na kilobaiti 264 za kumbukumbu. Kabla ya beji hii kuzaliwa, watu walikuwa tayari wanaendesha michezo ya Game Boy kwenye RP2040 ileile, kwa skrini ya rangi na sauti, na kazi yao wameianika wazi. RP2350 ina kilobaiti 520, ina viini vya Arm na vya RISC-V, ina ulinzi wa kufunga programu. Vitu vizuri. Ila mchezo haukuvidai hata kimoja. Waliouhitaji upya wa chipu ni wauzaji wa chipu, na mimi uamuzi wa aina hiyo nauita tangazo.

Kipya kinyemi, ingawa ni kidonda. Na kidonda kilikuwepo: hitilafu ya chipu iitwayo E9.

Nieleze kwa anayejifunza, maana ndiye aliyeonewa. Unaiweka pini iwe ya kuingiza, unawasha puldauni ya ndani, mita inasoma 0 kama ulivyotarajia. Sasa iguse pini hiyo kwa volti 3.3, kisha achia. Inatakiwa ishuke. Kwenye toleo A2, lile lililozinduliwa, haishuki: inaganda kwenye volti 2 na ushee, na programu inaendelea kusoma 1 kana kwamba mtu bado amebonyeza. Kuna mkondo wa takriban mikroampea 120 unaovuja pale pinini, na puldauni ya ndani ni dhaifu mno kuushusha. Watengenezaji wa kifaa cha Bus Pirate walikuwa miongoni mwa walioinasa hitilafu hiyo na kuipigia kelele, na maelezo ya kiwanda yakaja kupanuliwa baadaye.

Mtu mwenye uzoefu atacheka, achomeke resista ya nje, maisha yaendelee. Mfikirie basi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pale VETA Chang'ombe, mita mkononi, anasoma volti 2.2 mahali penye kustahili 0. Atamlaumu nani? Hatalaumu kiwanda. Atalaumu risasi yake. Ataifumua lehemu nzuri kabisa, aifanye upya, aipashe bodi moto mpaka njia ya shaba ibanduke, kisha aanze kutilia shaka waya, betri na mwisho akili yake mwenyewe. Nimewaona vijana wakiiacha fani kwa makosa madogo kuliko hayo. Kuna kanuni ya zamani ya benchi ambayo sitachoka kuirudia hapa: toleo la kwanza la chipu mwachie mwenye mshahara wa kulitafutia makosa. Usimpe mwanafunzi, na usiwavishe maelfu ya watu.

Vitufe vinavyokwenda graundi kwa pulapu ya ndani haviguswi na E9. Hilo nalisema kwa haki. Na programu ya Dmitry Grinberg iliyoendesha mchezo ni kazi ya kiwango cha juu.

Sasa rudini 2006, DEF CON 14, beji ya kwanza ya elektroniki ya mkutano ule. Mbunifu wake, Joe Grand, alitumia PIC10F202: miguu 6, nafasi ya maagizo 512, baiti 24 za kumbukumbu. Baiti, si kilobaiti. Taa 2 za bluu, betri ya sarafu, basi. Mwaka uliofuata akaweka taa 95 zinazopitisha maandishi, halafu akafanya jambo ambalo wabunifu wa leo hawaligusi: aliacha sehemu za bodi wazi kwa makusudi, moja ya kipimo cha mwendo na nyingine ya redio. Ukitaka, nunua kipande, kilehemu mwenyewe. Bodi ilikuwa inakungoja.

Wajerumani nao, 2011, kwenye kambi ya wadukuzi ya Chaos Communication Camp, walitoa beji ya r0ket. Chipu yake LPC1343, ukiichomeka kwa USB inajitokeza kama diski, unanakili faili, umemaliza. Skrini? Ya Nokia 1200. Rudieni kuisoma sentensi hiyo mkiwa mmesimama mbele ya meza ya fundi simu yeyote wa Tandika au Manzese wa enzi zile, droo imejaa skrini hizohizo. Wale walichagua kitu ambacho dunia ilikuwa nacho mkononi. Betri yao ya lithiamu siwasamehe, na ndiyo ugonjwa wa beji nyingi tangu hapo: kifuko kinachovimba, kinachosumbua kusafirishwa kwa ndege, wakati Dar es Salaam imetengeneza betri kavu kwa miongo, tangu zikiitwa National mpaka zikawa Panasonic. BBC micro:bit inatembea na AAA 2 na hakuna aliyekufa.

Afadhali hata hiyo lithiamu kuliko DEF CON ya 2015, walipowavisha watu sahani ya santuri.

Kwetu makongamano ya teknolojia bado yanagawa kadi iliyopigwa plastiki na kamba yenye jina la mfadhili, na ukienda Sabasaba pale Temeke hali ni ileile. Uwezo si tatizo. Pale Buni Hub, Kijitonyama, vijana walishaunda printa za 3D kwa mabaki ya vifaa vya elektroniki. Beji haiwezi kuwashinda. Hofu yangu ni kwamba atakayeanza ataiga ya Las Vegas. Aige ya Joe Grand: ATmega328P ya miguu 28 ndani ya soketi yake, ile inayong'olewa kwa bisibisi ikiungua na kubadilishwa kwa nyingine kutoka Kariakoo, betri 2 za AA, na robo ya bodi iachwe wazi. RP2350, hata ile ndogo, ina miguu 60 iliyojificha pembeni mwa mraba wa milimita 7, na pedi tumboni. Hiyo ni kazi ya hewa ya moto na darubini, haifanyiki kwa pasi ya mtu anayeanza.

Toleo A4, lililotoka 2025, limeondoa E9. Beji za 2024 zimebaki na A2. Mwenye nayo akitaka kuunga kitu chake kwenye pini ya kuingiza, asiwashe puldauni ya ndani. Aweke resista ya kilo-omu 8.2 au pungufu kati ya pini na graundi, karibu na chipu kadiri mkono utakavyoruhusu, na apime kabla ya kufunga kasha.