Mtungi Usiotoa Jasho: Ufundi na Sanaa kwa Ladi Kwali na Magdalene Odundo

Wahenga walisema kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Methali hii hufasiriwa kuwa inamsuta fundi asiyefaidi kazi ya mikono yake. Katika makala haya tunaitumia kuuliza swali la kihakiki: chungu kinapopandishwa hadhi kikaitwa sanaa, ni nani anayefaidika?

Ladi Kwali wa Nijeria alikuwa bingwa wa mitungi ya maji hata kabla ya kujiunga, mwaka 1954, na kituo cha ufinyanzi cha Abuja kilichoasisiwa na Mwingereza Michael Cardew. Mtungi wa nyumbani huchomwa kwa moto wa wastani; kuta zake hutoa jasho, na jasho hilo likikauka maji hupoa. Kituoni, maumbo yale yale pamoja na michoro ya mijusi na nge yalipakwa utando wa kioo na kuchomwa kwa moto mkali zaidi. Mtungi ukaacha kutoa jasho. Ulipopoteza kazi yake ndipo ulipopata nafasi katika maonyesho ya London.

Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, alijifunza katika kituo hicho mnamo 1974 na 1975. Yeye aliuacha ule utando wa kioo. Huinua udongo kwa mikono bila gurudumu, huupaka uji mwembamba wa udongo na kuusugua hadi ung'ae. Chombo kikichomwa penye hewa ya kutosha huwa na rangi ya machungwa. Kikirudishwa motoni hewa ikizuiwa, huwa cheusi. Kimbinu, yu karibu sana na mfinyanzi wa kijijini. Kihadhi, wametengana mno: mwaka 2020 Uingereza ilimtunuku cheo cha Dame.

Yadaiwa kwamba mfano huu unathibitisha kufutika kwa mpaka baina ya ufundi na sanaa. Dai hili halituridhishi. Neno lenyewe sanaa, lenye asili ya Kiarabu, lina mzizi wa kutengeneza na kuunda. Kiswahili hakikuwa na haja ya ukuta huo. Ukuta ulijengwa na makavazi yaliyoandika jina la msanii chini ya kazi moja, na jina la kabila tu chini ya nyingine.

Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tunalijua tatizo hili, kwani ngano ngapi zimechapishwa kwa jina la mkusanyaji, huku bibi aliyezitamba akisahaulika? Mhakiki anayesifu mwinamo wa shingo ya chombo cha Odundo, kisha akaupita kimya mtungi wa sokoni wenye shingo kama hiyo, anahakiki jina badala ya fani. Odundo anastahili sifa zake zote. Hata hivyo, mpaka hautakuwa umefutika mpaka mtungi unaotoa jasho nao usomwe kwa makini yale yale: mdomo, shingo, tumbo, na jina la aliyeufinyanga.