Noti za Bach, Muda wa Nystedt

Mwaka 1988 Knut Nystedt, mtunzi wa Norwe, alichukua wimbo mfupi wa Johann Sebastian Bach wa kukiita kifo kije kwa upole, akautengenezea utunzi wa kwaya ambao haufanani na chochote alichowahi kukisikia Bach. Ukiukagua, huoni tuni ya Nystedt humo. Tuni ni ya Bach, besi ni ya Bach, maneno ni yale ya zamani. Alichokigusa ni muda peke yake: kila noti ishikwe kwa kiasi gani, na nani atangulie kuiacha. Aliuita Immortal Bach, yaani Bach asiyekufa. Unachukua dakika tano hivi kuuimba. Katika nyimbo za kwaya zilizotungwa karne ya ishirini sijui nyingi zilizopata makubwa kiasi hiki kwa mtaji mdogo hivi, na kila ninapousikiliza natamani kuwaonyesha watu ulivyofumwa.

Nystedt alizaliwa Septemba 1915 Kristiania, jiji ambalo leo ni Oslo, katika familia ya Kikristo ambamo tenzi zilikuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Mwaka 1946 akawa mpiga kinanda wa kanisa la Torshov, palepale Oslo, na kazi hiyo hakuiacha hadi 1982. Mwaka 1947 alikuwa Marekani akisoma utunzi kwa Aaron Copland. Hayo ni ya kwenye wasifu. Shule yake kubwa, nionavyo mimi, ilikuwa mbele ya waimbaji. Mwaka 1950 alianzisha Det Norske Solistkor, kwaya ndogo ya watu ambao kila mmoja anaweza kusimama peke yake akaimba mbele ya hadhira, akaiongoza kwa miaka 40 kabla ya kumwachia Grete Pedersen. Mwaka 1964 akaanza na nyingine, Schola Cantorum ya Chuo Kikuu cha Oslo, akakaa nayo hadi 1985.

Mwalimu wa kwaya aliyedumu hivyo anajua mambo ambayo hayaandikwi kwenye karatasi. Anajua teno wataanza kukaza shingo wapi. Anajua ni irabu gani itakayoshusha sauti ya alto, na besi wanaweza kushika noti ya chini kwa muda gani kabla haijatetemeka. Wapo watunzi wengi wanaoandikia kwaya ya kufikirika, iliyo na mapafu yasiyoisha. Nystedt aliandika huku masikioni mwake zikilia sauti za watu aliowafundisha mwenyewe, na ndiyo maana hata pale alipodai jambo lisilo la kawaida, alidai jambo ambalo koo la binadamu linaweza.

Sasa tuufungue wimbo wenyewe. “Komm, süsser Tod” ulitoka mwaka 1736 mjini Leipzig, katika kitabu cha Georg Christian Schemelli chenye tenzi 954, ambazo kati yake ni 69 tu zilizochapwa pamoja na tuni. Bach alitoa mistari miwili ya muziki: tuni juu, besi chini, na juu ya besi tarakimu ndogo za kumwelekeza mpiga kinanda namna ya kujaza sauti za katikati. Ni wimbo wa mtu mmoja na kinanda chake, wa kuimbwa nyumbani kwa utulivu. Kuufanya wa sauti nne ni kazi ambayo mwanafunzi yeyote mzuri wa muziki angeifanya, na Nystedt anaanza hapo hapo. Kwaya inaimba mistari mitatu ya mwanzo wazi wazi, soprano, alto, teno na besi, kwa namna ambayo kwaya ya usharika wowote wa Kilutheri ingeimba. Hakuna ujanja. Sikio linapewa nafasi ya kuujua wimbo.

Kisha wanarudi mwanzo. Safari hii waimbaji wamegawanywa makundi, na kila kundi limepewa muda wake. Noti ni zile zile na zinafuatana vile vile, ila kundi moja linakaa kidogo kwenye kila noti, jingine linakaa zaidi, jingine zaidi ya hapo. Neno la kwanza linatoka kwa wote, safi kabisa. Kabla hujatulia nalo, kundi la haraka limeshahamia kwenye mpatano wa pili huku wengine wakiwa bado kwenye wa kwanza. Noti mbili za jirani, ambazo kwa Bach zilipokezana, sasa zinalia kwa pamoja na kusuguana. Halafu la haraka linafika kwenye mpatano wa tatu, la kati lipo wa pili, na la polepole halijabanduka pale lilipoanzia. Kile ambacho Bach alikipanga kifuatane, Nystedt amekisimamisha chote kwa wakati mmoja. Unausikia mstari mzima ukining’inia hewani.

Mwisho wa mstari ndipo pananipendeza kuliko pote. Kundi la haraka linafika kwanza kwenye mpatano wa mwisho, nalo linasubiri. Linafuata la pili, linasubiri nalo. Kila linalofika linaondoka kwenye noti iliyokuwa ikileta msuguano na kuongeza nguvu kwenye ile iliyotulia, hadi kundi la mwisho linapoingia na mpatano wote unabaki mweupe. Ni kama maji ya kisima yaliyotibuliwa: hakuna anayeyachuja, ila tope linazama taratibu na chini panaonekana. Muziki wa Ulaya una kanuni za karne nyingi za jinsi ya kutatua msuguano wa sauti, na Bach ndiye bingwa wa kanuni hizo. Hapa Nystedt hatumii hata moja. Msuguano unaisha kwa sababu tu wanaokuja nyuma wamefika.

Na mbona hauchomi sikio? Kwa sababu noti zote hizo ni za ukoo mmoja. Bach alikwisha kuziunganisha. Hata zikirundikwa, kila moja ina mahali pake katika wimbo ambao msikilizaji ameusikia dakika moja iliyopita, kwa hiyo ndani ya wingu lile bado unaipapasa tuni. Angezirundika noti za kubahatisha, zingekuwa kelele.

Kurundika noti za jirani hakukuwa kugeni kwake. Miaka ya sitini watunzi wa Ulaya walikuwa wamezama katika jambo hilo. Lux Aeterna ya György Ligeti, ya mwaka 1966, inawataka waimbaji 16 kila mmoja na mstari wake. Nystedt mwenyewe alitumia marundo ya namna hiyo katika De Profundis ya mwaka 1964, utunzi wenye nguvu unaohitaji kwaya iliyokomaa. Ninauheshimu. Lakini naona miaka 24 baadaye alikuwa ameufikia ujuzi wa juu zaidi, kwa kuwa sasa aliweza kupata wingu lile lile kutoka kwa watu wanaoimba utenzi rahisi. Katika Immortal Bach hakuna ruko gumu la sauti kwa yeyote. Mwimbaji wa kawaida wa Jumapili anaweza kuisoma karatasi yake.

Kuisoma anaweza; kuishika ndiko kazi. Noti ndefu namna ile haishikwi kwa pumzi moja, hivyo lazima wenzako wakupokee: mmoja avute hewa kimya kimya huku jirani yake akiendelea, kisha arudi bila kusikika alikorejea. Mtetemo wa sauti uondolewe, maana ukiwepo msuguano unageuka matope. Kila mtu ahesabu moyoni na asifuate kundi la pembeni, ingawa masikio yote yanamvuta alifuate. Na sauti isishuke. Ikishuka kwa kundi moja tu, mpatano wa mwisho hautakuwa mweupe tena, na hapo kazi nzima imeharibika.

Huku kwetu ningependa kuusikia ukijaribiwa. Kwaya zinazoimba kutoka kitabu cha tenzi cha Walutheri, Mwimbieni Bwana, tayari zina tuni za Kijerumani za aina hii vichwani, na kupokezana pumzi ni jambo wanalolifanya bila kufundishwa. Kigumu kitakuwa kuacha mdundo. Mwimbaji aliyezoea kuhesabu kwa bega na mguu ataambiwa asimame tuli na aimbe bila pigo lolote la kuegemea.

Nystedt alikuwa amevuka miaka 70 alipouandika. Aliendelea kutunga, na mwaka 1998 alitoa Apocalypsis Joannis, kazi kubwa ya kwaya na okestra juu ya Kitabu cha Ufunuo. Alifariki Desemba 2014 akiwa na miaka 99. Katika yote aliyoyaacha, nikiulizwa uamuzi mmoja wa kumfundishia mtunzi kijana, nitachagua huu: utenzi wa Bach una maneno mengi zaidi ya ile mistari mitatu, na Nystedt hakuyatumia. Hila yake ilikuwa nzuri, kwaya ilikuwa imeshaiweza, na kuinyoosha hadi mwisho wa ubeti kusingemgharimu chochote. Mstari wa kwanza tunashangaa, wa pili tunaelewa, wa tatu tunaungoja ule weupe wa mwisho kwa hamu. Wa nne tungekuwa tunahesabu makundi. Akaweka kalamu chini.